Santuri za Marehemu

Jim Reeves alifariki tarehe 31 Julai 1964, na mwaka 1966 wimbo wake Distant Drums ukakaa nambari moja Uingereza kwa majuma matano. Kwao Marekani, nyimbo zake sita zilipanda hadi kileleni mwa chati ya kantri mwenyewe akiwa tayari kaburini. Albamu nazo hazikukoma. Mwaka baada ya mwaka ilitoka nyingine, na kwenye jalada ni yeye, nywele zimechanwa, tabasamu lilelile la mtu ambaye hakufikisha miaka arobaini na mmoja. Sisi tuliozaliwa baada ya ndege yake kuanguka tulikua, tukaingia sekondari, na bado dukani kulikuwa na Jim Reeves mpya.

Wapenzi wa muziki huwa na mabishano matamu juu ya uzee wa waimbaji wao: nani aliharibika sauti, nani alizidi kuiva. Jim Reeves hakuwahi kuzeeka, lakini santuri za uzee wake zipo, na ndizo zilizojaa nyumbani kwetu. Nataka kuziandika hizo pamoja na zile za miaka yake ya mwisho akiwa hai. Nyumbani tulizisikiliza zote kwa sikio moja. Sasa najua zipi ni zipi, na sikio lile sinalo tena.

Baba alikuwa karani wa reli, nasi tuliishi katika nyumba za reli. Sebuleni kulikuwa na kabati la redio lenye gramafoni chini ya kifuniko chake, na spika moja iliyozibwa kwa kitambaa cha rangi ya kahawia. Jumapili baada ya ibada mlango wa mbele uliachwa wazi, Mama akiwa jikoni na mahamri yake, na Jim akawaimbia majirani wote. Redio ya Sauti ya Kenya nayo ilimpiga bila kuchoka. Palikuwa na wazee pale mtaani ambao Kiingereza hawakukijua, lakini waliweza kwenda naye katika This World Is Not My Home kuanzia mwanzo hadi mwisho, na machozi juu yake.

"Bwana karani, ametoa nyingine?" fundi wa injini aliyekaa nyumba ya pili aliuliza kila alipomwona Baba akirudi kutoka Mombasa na mfuko bapa kwapani.

"Ametoa. Ingia usikilize."

Baba alijua kabisa kwamba mtu huyo amekufa. Habari ilipofika alikuwa kijana ndiyo kwanza ameanza kazi, na aliweza kukusimulia: ndege ndogo, mvua ya radi karibu na Nashville, mpiga piano Dean Manuel kiti cha pili, siku mbili za kuwatafuta msituni. Hata hivyo hakuona haja ya kumkumbusha mtu jambo hilo pale sebuleni. Santuri ilikuwa imefika, na ilikuwa inaimba.

Ukitaka kuonja thamani ya miaka ile ya mwisho, msikilize kwanza alivyoanza. Aliwahi kuwa mrushaji wa besiboli, akaumia mguu, akaishia kuwa mtangazaji wa redio. Nyimbo zake za kwanza kuvuma, Mexican Joe ya 1953 na Bimbo, zimeimbwa juu na kwa haraka, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika hadi nyuma ya ukumbi wa densi. Kisha mwaka 1957, walipokuwa wakirekodi Four Walls, aliisogelea maikrofoni mpaka midomo ikakaribia kuigusa, akashusha sauti, akaimba polepole. Kwenye RCA, kampuni yake ya santuri, walikuwapo walioona kwamba hivyo sivyo kantri inavyoimbwa. Chet Atkins, aliyekuwa akisimamia kurekodi, alimwacha aendelee. Mwishoni mwa 1959 ikatoka He'll Have to Go, mazungumzo ya simu ya mtu mmoja usiku, na dunia nzima ikanyamaza kumsikiliza. Kuanzia Four Walls hadi ajali ni miaka saba. Hiyo ndiyo iliyokuwa jioni ya kazi yake, ingawa yeye bila shaka aliiona kuwa mchana.

Katika miaka hiyo saba, santuri ninayoiweka mbele ya zote ni A Touch of Velvet ya 1962. Ilirekodiwa Nashville, na ndani yake mna Welcome to My World. Kila kitu kimepunguzwa mpaka kikabaki kinachohitajika tu: piano inagusa na kuondoka, fidla zinakaa mbali, waitikiaji wa Anita Kerr wanajaza pale anapovuta pumzi na kunyamaza anaporudi. Msikilize anavyomaliza mstari. Hausukumi, hautetemeshi, anauweka chini na kuuacha. Waimbaji wengi wa wakati wake walitaka uone jinsi wimbo ulivyowagharimu. Jim aliubeba peke yake mzigo huo, wewe ukapewa wimbo.

We Thank Thee, ya mwaka huohuo, ni ya dini, na kwa watu wengi wa Kenya ndiyo Jim Reeves mzima. Mimi naipenda, ila niseme wazi kwamba siioni kuwa bora kuliko ile ya kwanza. Twelve Songs of Christmas ya 1963 haihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kupita madukani Nairobi mwezi wa Desemba. Halafu kuna Moonlight and Roses ya 1964, nyimbo za zamani nyingi zenye mwezi na maua ndani yake. Wako wanaoiona ni laini kupita kiasi. Wasikilize upya. Aprili ya mwaka huo alizunguka Ulaya na Chet Atkins, Bobby Bare na kundi la Anita Kerr, na katika santuri hii kila neno linatoka limekamilika, bila haraka. Mtu huyu alikuwa amefika mahali alipokuwa akipatafuta, na aliyekuwa akimngoja huko hakuwa yeyote ila mimi na wewe.

Jambo moja la miaka hiyo linanitia uchungu, na siwezi kuliruka. Alikwenda Afrika Kusini mwaka 1962, akarudi, akacheza filamu huko, akarekodi nyimbo kwa Kiafrikana. Ilikuwa nchi ya ubaguzi wa rangi, na ubaguzi huo ulikuwa umekaza meno. Baba, aliyepeperusha bendera mpya ya Kenya Desemba 1963, alizipenda santuri za mtu yuleyule. Niliwahi kumuuliza. Alisema, "Mwanangu, sauti ilivuka mpaka ule bila kuuliza ruhusa." Jibu hilo halijanitosha mpaka leo, lakini ni lake.

Santuri zetu za miaka hiyo zilitoka Uingereza, na wakati huo kule Uingereza muziki wa RCA ulikuwa ukipigwa chapa na Decca. Namba ya ganda ilianza na RD kwa mono na SF kwa stirio. Zetu zilikuwa RD. Zilikuwa nzito, nyeusi ya kung'aa, na kati ya wimbo na wimbo palikuwa na kimya safi kabisa. Wako watakaokwambia stirio ndiyo bora, na kwenye chapa za kwanza za Marekani zenye maandishi ya Living Stereo wana haki: waitikiaji huku, piano kule, chumba kizima kimefunguka. Lakini sauti ya Jim katika mono ya Decca inasimama katikati, ina kifua, na haina mahali pa kwenda ila kwako. Jihadhari tu na zile za mono zilizogeuzwa stirio kwa mitambo, ambazo RCA ilizitia alama ya herufi e ndogo ndani ya mabano karibu na namba. Sauti inaogelea.

Mara ya mwisho alipoingia studio kwa RCA ilikuwa Julai 1964. Walimaliza nyimbo walizopanga, dakika zikabaki, na badala ya kwenda nyumbani akaomba warekodi nyingine moja: I Can't Stop Loving You. Iliingia katika The Jim Reeves Way, iliyotoka 1965. Albamu hiyo iko mpakani. Hakuwahi kuishika mkononi. Chochote unachokinunua baada ya hapo, ujue kimepitia mikono ya watu wengine.

Mary, mjane wake, alibaki na kanda nyingi na biashara yote, akaitunza kwa moyo kwa miaka mingi; yeye mwenyewe alifariki mwaka 1999. Kwenye kabati za kampuni na nyumbani kulikuwa na mabaki: nyimbo zilizosubiri zamu, majaribio, nyimbo alizoimbia watunzi ili wazipeleke kwa waimbaji wengine. Distant Drums ilikuwa moja ya hizo. Ni utunzi wa Cindy Walker, na Jim aliiimba kama sampuli, si ya kuuzwa. Baada ya kifo chake wakaingia wanamuziki, wakaketi, wakavaa vipokea sauti masikioni, wakaongeza okestra juu ya marehemu. Hiyo ndiyo iliyokuwa nambari moja Uingereza, na ndiyo iliyotufikia sisi katika albamu ya jina hilo, ikiwa imechanganywa na nyimbo za miaka tofauti kana kwamba zote ziliimbwa juma moja.

Na albamu ile ni nzuri! Lazima niliseme hili kwa sababu wakusanyaji wengine hukunja uso wakiisikia. Blue Side of Lonesome ya 1967 pia ni nzuri. Miaka ile ya kwanza, waliokuwa wakiongeza vyombo walikuwa watu waliomfahamu, waliojua atavuta pumzi wapi. Uangalifu wao unasikika.

Tulipoingia miaka ya 70 mambo yakabadilika. Mabaki yalipopungua, walianza kuchukua nyimbo ambazo zilishatoka, wakaondoa vyombo vya zamani na kuweka vya kisasa. Nashville 78 ina besi na ngoma za mwaka 1978 chini ya sauti ya miaka kumi na mingapi nyuma. Ni nyumba ya babu iliyobandikwa vigae vipya: kuta ni zilezile, lakini ukiingia hujui alikuwa akikaa wapi. Mwaka 1979 wakamtolea wimbo wa watu wawili na Deborah Allen, ambaye Jim alipofariki alikuwa mtoto wa miaka kumi. Kisha 1981 wakamkutanisha na Patsy Cline, aliyekufa Machi 1963, naye katika ajali ya ndege. Kanda za zamani zilikuwa na njia tatu, kwa hiyo sauti ya mwimbaji iliweza kutolewa peke yake. Wakaitoa ya huyu na ya yule, wakaziweka pamoja, wakatunga muziki chini yake.

Wakati huo tulishaingia enzi ya kaseti. Nakumbuka Mama akisikiliza wimbo ule, mwiko mkononi, mpaka ukaisha.

"Hawa walikutana wapi?" akauliza.

Baba hakujibu. Alipindua kaseti upande wa pili.

Kabati la redio lilikuwa limekufa kabla ya hapo. Santuri zilikaa rafuni bila kazi, na kitu kisicho na kazi huombwa. Baba hakujua kumnyima mtu. Harusi ikitokea, wanakuja: karani, tuazime Jim Reeves. Matanga vilevile, wakitaka zile za dini. Nyingine zilirudi bila maganda, nyingine zina mikwaruzo iliyofanya sindano irudie neno moja mpaka umtoe mtu nje kwa hasira, nyingine hazikurudi. Moonlight and Roses ilikwenda kwenye harusi upande wa Mwatate na ndiyo ikawa mwisho wake. Sisi watoto tulikuwa na Franco, tulikuwa na Mangelepa, tulikuwa na Michael Jackson, na hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kinaondoka nyumbani. Baba alipofariki, zilizobaki niliweza kuzibeba kwa mkono mmoja, na karibu zote zilikuwa zile za baada ya 1970, ambazo hakuna aliyezitaka.

Sasa nanunua upya. Nairobi, pale Kenyatta Market, katikati ya nyama choma na wasusi, kuna kibanda kilichojaa santuri hadi darini, na huko ndiko nilikojifunza kusoma kitu ambacho Baba hakuwa na haja nacho. Ukiinamisha santuri kwenye mwanga, pale palipo laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo, utaona alama zilizochorwa. Kwenye chapa za RCA za Marekani herufi I ni kiwanda cha Indianapolis, R ni Rockaway, H ni Hollywood. Namba inayoishia na 1S inakwambia umekaribia mwanzo wa mwanzo. Lebo nyeusi yenye mbwa anayesikiliza gramafoni ni ya wakati wake. Lebo ya rangi ya machungwa ilikuja mwishoni mwa miaka ya 60, na punde ikafuata santuri nyembamba waliyoiita Dynaflex, ambayo ukiishika inanesa. Nyembamba hizo zinadharauliwa, lakini ikiwa safi inaimba vizuri, na mwenye mfuko mdogo aanze hapo. Namba, rangi, uzito: vyote vinakwambia uko wapi katika maisha ya mtu huyu, au umeshayapita.

Simu haikwambii. Binti wa mdogo wangu, ambaye anapenda sauti hii kuliko nilivyotarajia kwa mtu wa umri wake, aliniletea yake siku moja.

"Shangazi, hizi Distant Drums ziko nyingi. Ipi ndiyo yenyewe?"

Tukaketi tukazisikiliza mfululizo. Mwaka uliowekwa kando ya kila moja ulikuwa wa karne hii. Jina la mwanamuziki yeyote mwingine, hakuna. Nyingine ilikuwa ile ya 1966, nyingine imevishwa nguo za miaka ya baadaye, na ngoma nzito zilizoniudhi. Kisha akauliza, "Kwani huyu Jim Reeves yuko hai?" Nikamweleza kuhusu ndege. Alinyamaza, halafu akataka kujua nani basi aliyemruhusu mtu kumwekea ngoma. Ni swali ambalo watu wazima pale kwetu hatukuwahi kuliuliza.

Wajerumani walilijibu kwa namna yao. Mwaka 1994 kampuni ya Bear Family ilitoa sanduku la sidii 16 liitwalo Welcome to My World, wakirudi kwenye kanda zenyewe. Kwa kazi ya watu kama hao tumeweza kusikia nyimbo hizi zilivyokuwa kabla hazijaongezewa. Distant Drums bila okestra ni vyombo vichache na yeye. Wimbo unahusu mtu anayesikia ngoma za mbali zikimwita, anamsihi mpenzi wake wafunge ndoa kabla hajaondoka. Katika ile ya 1966 unaona gwaride na umati barabarani. Katika hii hakuna umati. Kuna mtu mmoja ambaye muda wake haumtoshi, na hapazi sauti hata kidogo kukwambia hivyo. Ni bora. Nimeisikiliza mara nyingi nikitafuta sababu ya kusema vinginevyo, na ni bora.

Ila imeniharibia nyingine. Nikiweka ile ya okestra sasa, sikio langu linakwenda moja kwa moja kwenye mshono, pale fidla zinapoingia, na nawaza juu ya watu waliokaa studioni na kiti kitupu. Jumapili za nyumba za reli ziko ndani ya fidla hizo, nami siwezi kuzifikia bila kupitia mshono. Ninachojua leo nisingekubali kukirudisha. Lakini yule msichana aliyelala chali sakafuni, kichwa karibu na spika, alikuwa na kitu ambacho sanduku zima la Wajerumani haliwezi kunipa.

Mwaka jana tulikusanyika kwa ibada ya ukumbusho wa Baba. Baada ya chakula nikatoa gramafoni na mashine ya sidii nilizokwenda nazo, nikawatangazia kwamba wataisikia Distant Drums kama Jim alivyoiacha mwenyewe. Mdogo wangu wa kiume, anayekaa Mombasa, alisikiliza mistari michache.

"Dada, hiyo siyo."

"Ndiyo hiyo, kabla hawajaongeza kitu."

"Baba hakuijua hiyo."

Wazee wawili waliobaki wa nyumba za reli walikuwa wameketi pale, mmoja wao ni yule fundi wa injini, na nilimwona akitikisa kichwa kukubaliana naye. Nikaitoa. Nikaweka ile ya 1966, chapa ya Uingereza, niliyoinunua Kenyatta Market, na fidla zilipoingia fundi akaanza kuimba, akifuata maneno yote, na wengine wakamfuata. Wakaomba irudiwe, nikairudia.

Jioni, watu walipokuwa wakiaga, mdogo wangu akaja kuniomba nimwazime santuri ile aende nayo Mombasa, angeirudisha Krismasi. Nikamwambia hapana, haitoki, aje aisikilize kwangu siku yoyote apendayo.